Mwalimu na Kiini cha Zamani

Mwalimu wa Mafinga alinizidi akili, na hilo sikumsamehe.

Sote wawili tulikuwa watu wa kujitolea. Tulisaidia kutengeneza mfumo endeshi wa kompyuta, programu huria, pamoja na watu wa nchi mbalimbali ambao hatukuwahi kuonana nao. Mifumo mingine hurundika kila kitu ndani ya kiini, ile programu ya katikati inayotawala mashine yote. Chetu kilikuwa kidogo makusudi, na kazi nyingi ziliachiwa programu za nje, ili moja ikianguka isiangushe nyingine. Mwalimu alipewa programu ya kuendesha diski. Mafinga hakukuwa na intaneti ya maana, basi mimi niliyekuwa Mbeya nilimnakilia barua za kundi kwenye CD kila mwezi, nikamkabidhi konda wa basi.

Siku moja aligundua kosa katika kazi yangu, akaliandikia kundi zima barua, nami ndiye niliyemtumia. Aliandika kwa adabu, tena akanishukuru. Nilibaki na donge rohoni wiki nzima.

Baadaye kundi likapiga kura kuachana na kiini chetu na kuchukua kingine. Kazi yoyote iliyoandikiwa kile cha zamani ilikuwa ya kutupa. Nilizisoma barua zote za uamuzi huo, kisha nikaziondoa moja moja kwenye CD yake. Nilifanya hivyo miezi saba. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake nilikuwa mimi. Yeye aliendelea kuandika programu yake kila baada ya vipindi vya shule, na konda yuleyule aliniletea maharage kutoka kwake. Niliyala bila haya.

Mwishowe akaja Mbeya mwenyewe, amevaa suti, CD ya kazi yake ameifunga kwenye nailoni.

"Kamwene, mdogo wangu," alinisalimu kwa Kihehe. "Diski inasoma, inaandika, haijaanguka hata mara moja. Leo naituma kwa mkono wangu."

Ningeweza kumzuia. Nilimvutia kiti, akaituma.

Soda niliyomnunulia haijaisha, majibu yakaingia. Mmoja aliandika kwamba kiini hicho kilishaachwa, akauliza kama huyu bwana huwa anasoma barua. Mwingine alicheka tu, mbele ya kundi zima. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwalimu."

Nilisubiri matusi, majibu yake nilikuwa nayo tayari. Na nisiseme uongo, nilikuwa na furaha. Yeye akaitoa CD kwenye mashine, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha kwenye nailoni taratibu.

"Miaka ya sabini, kule Idodi," alisema, "tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba ya baba yangu ilivunjwa sisi tunaangalia. Ila wale, mdogo wangu, walikuja kwanza kutuambia."