Taa ya Juu Huita Watu

Nakumbuka siku moja ya mkesha wa Krismasi, nilipokuwa bado mke mgeni katika boma la wakwe zangu huko Masinya, watu walipomlilia baba mkwe wangu naye yu hai, ameketi kitandani akisubiri chai.

Mwanangu, wewe uliyetuletea kwa simu picha ya taa za Krismasi unazotaka kutununulia huko Busia, tulia kwanza unisikilize. Mimi sikusoma, na haya anayaandika binamu yako kwa mkono wake. Lakini taa nimeziona nyingi, na najua zinavyosema.

Mume wangu, babu yako, alikuwa kibarua Tororo, akipakia saruji. Baba yake alikuwa mgonjwa tangu mavuno, amekonda, na sote tulihofu kwamba hiyo ingekuwa Krismasi yake ya mwisho. Basi kijana akanunua karabai, ile taa ya kupiga pampu inayovuma kama nyuki, ili mzee aione sikukuu kwa mwanga ambao hajapata kuuona. Mama mkwe alikuwa amekwisha kupanga tadooba zake kando ya njia, vile vibatari vya kopo, kila kimoja ndani ya ganda la papai ili upepo usikizime. Harufu ya mafuta ya taa na papai lililopata moto ningali nayo puani hata leo. Mume wangu akazitazama, akacheka, akaitundika karabai juu ya mti mrefu katikati ya uwanja. Uwanja mzima ukawa mweupe.

Lakini kwetu, mwanangu, taa nyeupe iliyoinuliwa juu uwanjani ilikuwa taa ya matanga. Hapakuwa na simu. Mwanga ndio uliopeleka habari mlima kwa mlima, na kila mtu alijua katika boma lile nani mgonjwa.

Wa kwanza kufika alikuwa shangazi, dada wa baba mkwe, aliyekuwa njiani kutoka Lumino kuja kula sikukuu nasi, kuku wa zawadi kifuani. Aliiona taa tangu barabarani, akaanza kulia huko huko. Nyuma yake wakaja majirani, wanawake mikono kichwani. Jirani mmoja hakulia. Alikwenda moja kwa moja zizini kuwatazama ng'ombe, yupi atachinjwa matangani.

"Ndugu yangu," shangazi akaomboleza, "umeniacha na nani?"

Baba mkwe akajikokota hadi mlangoni, blanketi begani. "Nimekuacha na huyo kuku uliyemkumbatia. Mlete jikoni, sijafa bado."

Watu wakacheka hadi wakaketi chini. Shangazi akampiga kofi la bega, machozi yangali yakimtoka. "Mzee mbaya wewe. Sauti yote nimeimaliza leo. Ukifa kweli, nitakulilia kwa sauti gani?"

Mzee akamgeukia mwanawe. "Teremsha hiyo taa."

"Baba, nilitaka uone mwanga."

"Nimeuona, na nakushukuru. Lakini taa ya juu huita watu, na anayeita sharti awe na neno la kuwaambia walioitika. Wewe una neno gani? Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wewe umeanza na wa mbali."

Karabai ikateremshwa. Tukala kwa mwanga wa tadooba, na mzee akakaa mlangoni akimtambua kila mgeni kwa miguu kabla hajauona uso wake. Ilikuwa Krismasi tamu. Sijapata nyingine kama ile.

Mzee alifariki miezi michache baadaye, wimbi, yaani ulezi, lilipokuwa linachanua shambani. Mume wangu akaiinua karabai kama desturi ilivyotaka. Watu wa ng'ambo ya kijito wakaiona, wakaambiana, "Vijana wale wanachezea taa yao tena," wakafunga milango. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama uongo wenyewe ulizaliwa na mapenzi. Tulikesha wachache mno kwa mzee aliyependwa na wengi, na hata shangazi alimwapisha mjumbe kabla ya kufunga safari. Babu yako hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Sasa zitazame taa za picha yako. Ni nyeupe, weupe wa baridi unaoelekea buluu, nawe umesema utazipandisha mlingotini zionekane hadi barabarani. Waachie wenye msiba weupe huo. Hata leo, wazee wa Masinya wakiuona juu ya boma, huulizana nani amekwenda. Tafuta zile za manjano, rangi ya moto wa kuni. Zisiwe za kumetameta. Mwanga unaokonyeza hautulizi jicho la mgeni. Ziwe za kustahimili mvua, maana Desemba yetu haina ahadi, na mwambie muuzaji azichomeke umeme mbele ya macho yako, uzitazame hadi ya mwisho. Awe wa upande wa Kenya au wa Uganda, atakuapia kwa mama yake. Wewe amini waya. Ukishavuka mpaka ukakuta nusu yazo zimekufa, hakuna atakayekukumbuka. Kisha uzilaze chini, kando ya njia iingiayo nyumbani, na nyingine mlangoni. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na taa nayo ni ulimi wa boma: kabla hujaiwasha, jiulize inamwambia nini aliye mbali.

Nenda salama sokoni, urudi salama. Mungu akupe nyumba ambayo mgeni akiiona kwa mbali atakaza mwendo kwa furaha, na siku utakapowaita watu kwa machozi, akupe jirani asiyefunga mlango.