Tundu la Kupitisha Kikombe

Nikinusa vumbi la mbao iliyotoka kukatwa, hata nikiwa na haraka zangu za sokoni, lazima nisimame. Narudi papo hapo kwenye ploti yetu mjini Meru: vyumba vya mbao vimebanana, bomba moja, choo kimoja, na ukikaanga vitunguu kila mtu anajua. Sisi tulikuwa na chumba kimoja. Pazia la maua lilitenganisha kitanda cha wazazi na godoro langu, na kwa pazia hilo, niamini, nilijiona tajiri.

Kisha nyanya, mamake mama, akaugua mguu huko Ruiri. Alitakiwa awe anaoshwa kidonda hospitali ya mjini, la sivyo mguu ungekatwa. Mama akasema atakaa kwetu. Baba akasema haiwezekani, kwa desturi yetu mama mkwe halali chumba kimoja na mume wa bintiye, hata pazia liwe nene namna gani. Nilimkasirikia baba kweli kweli. Nilimwona mtu asiyemtaka nyanya yangu, basi.

"Mguu wa mama yangu haukatwi kwa sababu ya ukuta," mama alisema.

Akisema hivyo, ujue yamekwisha. Alienda mlango wa pili kwa Mama Zainabu, mjane aliyeuza mahamri, akamweleza. Mama Zainabu hakuuliza mengi. Alisogeza vitu vyake, akasema mgonjwa ni wa ploti nzima.

Basi nyanya akalala upande ule wa ukuta. Lakini Mama Zainabu alitoka mapema na mahamri yake, na nyanya hakuweza hata kufika mlangoni kuita mtu. Mama alishinda ametega sikio kwenye mbao.

Jumamosi baba akaazima msumeno. Mwenye ploti angefoka, na baba alijua. Alikata ubao mmoja karibu na godoro langu, tundu la kupitisha kikombe. Hata kabla ya kupangusa vumbi alinipa kitambaa nikitundike upande wetu, naye akageuza uso asimwone mkwewe. Tangu siku hiyo nililala nimeshika vidole vya nyanya. Asubuhi baba alikoroga uji wa wimbi, akanikabidhi kikombe, nami nikakipitisha kikiwa bado moto. Hakuchungulia hata mara moja.

Kidonda kilifunga. Siku ya kurudi Ruiri, nyanya alisimama nje ya mlango wetu kwa miguu yake miwili, uso ameuelekeza barabarani, akasema kwa sauti ya kusikika ndani:

"Baba Kendi, asante. Nimelala kwako vizuri."

Baba aliinamisha kichwa nyuma ya pazia. Mimi Kendi, mtoto mjuaji, nilimkimbilia nyanya nimsahihishe, kwamba alilala kwa Mama Zainabu. Alicheka tu akanishika shavu. Leo nina nyumba ya mawe huko Kaaga, yenye vyumba vya kutosha, na ninajua nyanya hakuwa amekosea.