Gari Lililopona Kila Lilipooshwa

Katika kiwanda cha sare anakofanya kazi, watu husema Sindano ana hasira, na husema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtaa unavyojisifia mbwa mkali anayelinda nyumba zote. Jina walimpa washonaji wenyewe, miaka ishirini na sita iliyopita, alipoingia pale kutengeneza cherehani akiwa msichana mwembamba asiyejua kutabasamu ili kumfurahisha mtu. Unene ulikuja baadaye. Tabasamu bado.

Ana sheria moja ambayo kiwanda kizima kinaijua. "Cherehani iliyoharibika ikakaa imeharibika ni rafiki yako," huwaambia. "Ile inayoruka nyuzi saa nane mchana, halafu inapona fundi akisimama mlangoni, hiyo ndiyo adui." Mashine ya namna hiyo haiguswi. Haifutwi vumbi, haitiwi mafuta, haizimwi hata swichi, mpaka yeye afike aikute katika uovu wake. Siku moja msimamizi wa zamu, kwa nia njema, aliipangusa mashine kwa kitambaa kabla hajafika. Sindano alimpandia juu mbele ya washonaji wote. "Umefuta alama za mwizi, sasa nimkamate nani? Wewe?"

Nakitaja kisa hicho mapema kwa sababu kilikuja kumrudia, na kilimrudia vibaya.

Anaishi na mdogo wake katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, vyumba vitatu na korido ndefu yenye bomba la chuma lililofungwa ukutani usawa wa kiuno. Bomba hilo alilifunga Sindano mwenyewe, mwaka ambao mdogo wake alianza kuugua neva. Mdogo mtu ni mwalimu wa hisabati. Asubuhi hutembea kama mtu yeyote asiye na haraka. Lakini joto likimwingia mwilini miguu huzimika, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia, na macho huanza kuona vitu viwiliviwili. Akipoa, vyote humrudia. Daktari alisema maneno machache: dawa anywe, joto alikimbie.

Shule iko mwendo wa dakika hamsini, na hufungwa saa tisa, jua likiwa limekaa juu ya lami kama pasi. Kwa hiyo dada wawili waliuza kiwanja cha baba wakanunua gari. Walichukua jipya, kwa sababu jipya lilikuja na waranti ya miaka miwili, na Sindano aliisoma waranti ile neno kwa neno kama mtu asomaye wosia. Hawakununua rangi ya gari wala redio yake. Walinunua baridi.

Mwaka na nusu baridi ilikuja. Kisha ikaanza kuchagua siku.

Asubuhi kiyoyozi kilikuwa hakina neno. Mchana, wakiwa wamekwama kwenye foleni ya daraja, matundu ya dashibodi yaligeuka: upepo uleule, nguvu ileile, lakini wa moto, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Taa ya kitufe inawaka. Feni inavuma. Baridi hakuna. Ukifungua madirisha unaingiza moshi wa malori na joto zaidi. Siku ya kwanza mdogo mtu alifika nyumbani amelowa jasho, akacheka. "Dada, leo umenioka bila chumvi." Siku ya nne hakucheka. Sindano alimbeba mgongoni kutoka getini hadi kitandani, mwanamke wa miaka arobaini na nne, mwalimu wa watu, viatu vyake vikiburuza njia nzima.

Akalipeleka gari kwa waliowauzia.

Pale mapokezi alikaa mwanamume wa miaka thelathini hivi mwenye shati jeupe na sauti ya asali. Jina lake alilivaa kifuani kwenye kibati, ila Sindano hakulitumia hata mara moja. Alimwita Tabasamu, mbele yake na nyuma yake.

"Karibu mama yetu. Gari letu linasemaje?"

"Gari langu halitoi baridi mchana."

"Tutalitazama mama, wewe kaa, usihangaike."

Alikaa. Baada ya saa mbili gari lilirudi liking'aa, likinukia sabuni, na karatasi juu ya kiti: Limekaguliwa. Hitilafu haikuonekana. Aliwasha kiyoyozi. Baridi ilimgandisha vidole. Ukweli ni kwamba alifurahi, na akamshukuru Tabasamu hata kwa kulioshea gari. Siku mbili baadaye, kwenye daraja, homa ilirudi.

Mara ya pili Tabasamu aliuliza kwa upole, "Mama, kile kitufe chenye alama ya theluji, huwa unakibonyeza kweli?"

"Natengeneza mashine tangu wewe unafungwa kamba za viatu."

"Sijakudharau mama. Wengine husahau."

Hitilafu haikuonekana.

Sindano akaanzisha daftari. Aliandika saa, jua, dakika za foleni, gari lilitembea kwa muda gani kabla ya kukataa. Alionekana kituko, mwanamke aliyeegesha pembeni ya barabara akiandika huku jasho likidondokea karatasi. Mara ya tatu alilifikisha gari mchana, likiwa limekataa palepale getini, akamshika Tabasamu mkono akauweka kwenye tundu. "Hiyo ni nini?"

"Ni joto mama, nakubali. Lakini mkono wangu si kipimo. Lazima fundi aone mwenyewe." Akalipekua daftari kwa ncha ya kidole. "Unaandika vizuri! Ungetufaa ofisini."

Alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na alijua. Saa mbili baadaye gari lilirudi safi, baridi, na karatasi ileile. Mara ya nne waliling'ang'ania siku nzima, na karatasi haikubadilika hata neno. Usiku ule alianza kujiuliza kama kweli yeye ndiye mbovu. Kuna dhuluma inayokunyang'anya kitu, na kuna ile inayokuacha na kitu chako mkononi, ikakunyang'anya imani ya macho yako.

Barua aliiona akitafuta uzi kwenye droo ya mdogo wake. Ilikuwa na mwandiko ule wa ubaoni, ulionyooka kama ulipigwa rula: kwa mwalimu mkuu, ombi la kuacha kazi. Sehemu ya tarehe ilikuwa wazi.

"Hii ni nini?"

"Barua."

"Naona ni barua! Nakuuliza ni nini?"

Mdogo wake alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Siku ile gari iliposhinda gereji, nilitoka shule kwa miguu kwenda kituoni. Nikaanguka barabarani. Kidato cha pili wakaninyanyua. Mmoja akanishika chini ya magoti, kama mtu anayebeba gunia. Walikuwa wapole, Dada. Hata hawakucheka."

"Hukuniambia."

"Ungeenda kuchoma gereji ya watu."

"Ningeenda."

"Basi. Kuanguka nimezoea. Ule upole wao ndio siuwezi tena."

Sindano aliketi kitandani. "Waranti inaisha Ijumaa. Nipe mpaka Ijumaa."

"Na Ijumaa wakisema haikuonekana?"

Sindano aliikunja barua, akairudisha kwenye droo.

"Basi Ijumaa jioni najaza tarehe," mdogo wake alisema, akaweka alama ya vyema kwenye daftari la mtoto.

Ijumaa Sindano aliomba ruhusa kazini. Alilizungusha gari juani tangu saa tano, akatafuta foleni kama watu wanavyotafuta maji, mpaka saa saba na nusu baridi ilipokatika. Hakuzima injini mpaka gereji. Safari hii alikikataa kiti.

"Mama, wateja hawaruhusiwi nyuma."

"Nikamate."

Aliwahi kupita ule mlango wa plastiki wa kuingilia nyuma ya gereji katika mawazo yake mara nyingi. Aliwaza vipimo, waya, watu wameinamia mashine. Alichokuta kwanza ni sakafu ya saruji iliyolowa, na mwanamume wa umri wake mwenye buti za mpira, ameshika mpira wa maji ya presha. Alikuwa anaosha gari lililotangulia, boneti iko wazi, na maji yalipogusa mbele ya injini mvuke uliinuka, ukafunika kichwa chake. Gari la Sindano lilikuwa limekwisha kuingizwa, la pili kwenye mstari.

"Kaka, samahani. Unaosha kabla ya fundi kutazama?"

"Kabla, mama. Amri ya meneja. Mafundi hawapendi uchafu." Alikuwa na fahari ya mtu anayeifanya kazi yake vizuri. "Hapa gari haiguswi mpaka nimeimaliza, mpaka ndani ya boneti. Yako naijua, ile yenye mto wa bluu kiti cha mbele. Huwa inakuja na wadudu wengi mbele, naipiga maji mpaka inapoa kabisa."

"Mara zote nne?"

"Zote! Sijaikosa hata moja."

Sindano alisimama. Alimkumbuka msimamizi wa zamu na kitambaa chake. Alikumbuka harufu ya sabuni, na jinsi alivyofurahia usafi ule, yeye, fundi wa miaka ishirini na sita, akiendesha kwenda nyumbani ndani ya gari lililofutwa ushahidi wote, huku akisema asante. Hasira aliyokuwa nayo kwa Tabasamu ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mahali pa kwenda. Hii nyingine haikuwa na pa kwenda. Iligeuka ikamrudia yeye mwenyewe.

"Yangu leo haioshwi," alisema.

"Mama, ni bure."

"Haioshwi."

Alikwenda akasimama mbele ya gari lake, mgongo kwenye wavu wa mbele ya injini, mikono ameitanua. Tabasamu alikuja mbio kwa viatu vya ofisi, akichagua pa kukanyaga. "Mama, tafadhali, huo ni utaratibu! Wewe, osha!"

Mwoshaji alimtazama huyu, akamtazama yule. "Niwaoshe wote?"

"Anza na mimi," Sindano alisema.

Labda alidhani ni mzaha, labda kidole kiliteleza. Maji yalitoka yakampiga kifuani, yakashuka mpaka viatuni. Hakusogea hata unyayo. Mwoshaji akautupa mpira chini kana kwamba umemuuma. Pale nyuma pote kazi ilisimama, na mmoja wa mafundi, mrefu, mwenye mafuta hadi kwenye viwiko, akaja akifuta mikono.

"Kuna nini?"

Sindano alizungumza naye taratibu, na wanaomjua wanasema hapo ndipo anapotisha. "Fundi. Ukiitwa kwenye mashine inayokataa ikiwa ya moto tu, utaanza kwa kuimwagia maji?"

Fundi alifikiri. "Hapana."

"Hii imemwagiwa mara nne, kisha ukaletewa. Leo iwashe hivi hivi, na vumbi lake."

Aliiwasha. Akaweka mkono kwenye tundu, akautoa, akauweka tena. Akafungua boneti, akainama, na Sindano akainama kando yake, maji yakimtiririka kwenye nywele. Mkanda ulikuwa unazunguka, puli inazunguka, lakini kile kisahani cha mbele ya kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, ambacho sumaku ya klachi hukivuta ili kompresa nayo izunguke, kilikuwa kimesimama tuli. Fundi aligusisha taa ya kupimia. Ikawaka.

"Umeme unafika," alisema. "Sumaku haivuti."

"Pengo kati yake na kisahani limepanuka," Sindano alisema. "Ikiwa baridi inajikaza. Ikishika moto inalegea, haivuti tena."

Aliokota chupa ya maji ya kunywa kwenye meza ya vifaa, akaimimina juu ya klachi kidogo kidogo. Mvuke. Kimya. Kisha: *tak*. Kisahani kilivutwa, kompresa ikazunguka, na ndani ya gari baridi ikaanza kuvuma.

Fundi hakuinuka upesi. "Zile karatasi nne," alisema hatimaye. "Saini ni yangu."

"Naijua. Nimeisoma kila mara."

"Nisamehe, dada."

Tabasamu alikohoa. "Inaweza kuwa uchakavu wa kawaida, na uchakavu, kwa mujibu wa waranti..."

"Nyamaza, bwana," fundi alisema bila kumgeukia.

Klachi mpya haikuwepo stoo, ingefika Jumanne, na Jumanne waranti ingekuwa maiti. Kwa hiyo Sindano alisimama mapokezi, akidondosha maji juu ya vigae vyao, akasubiri mpaka karatasi iandikwe, kwa tarehe ya Ijumaa, na mpaka Tabasamu aufute mstari aliouanza kwa mazoea na kuandika upya, kwa mkono uliokosa asali: Hitilafu imeonekana.

Alipofika nyumbani mdogo wake alikuwa mezani. Barua iko mbele yake, kalamu juu yake. Sindano aliiweka karatasi ya gereji juu ya barua. Pembe moja ilikuwa bado na unyevu.

Mdogo wake aliisoma mara mbili, kama anavyosoma jibu sahihi ambalo hakulitarajia kwa mwanafunzi. Kisha akaifunika kalamu.

"Mbona umelowa?"

"Walikuwa wanaliosha," Sindano alisema. "Miezi mitano. Wanaliosha kwanza, ndipo wanaliuliza linaumwa nini. Na mimi nikawa nashukuru."

"Kaa chini, Dada."

"Sikai. Ule upole wa wale watoto barabarani, nani atakufutia?"

"Hakuna." Mdogo wake alisogeza kiti kwa mguu, ule wa kushoto, uliokuwa mzima jioni hiyo. "Jumatatu tunaondoka mapema. Nina kipindi cha kwanza."

Sindano alibaki amesimama, amekunja ngumi, maji yakiendelea kudondoka kwenye sakafu ya baba yao.