Chumvi Niliyoitilia Mashine

Marehemu mama alipokuwa akirudi kutoka ziwa la chumvi la Katwe na furushi la chumvi kichwani, harufu ilimtangulia kupanda njia ya Kyarumba: harufu ya yai viza na jasho. Sisi watoto tulililamba furushi kwa nje, tukachapwa, tukarudi tena kulamba. Shule niliiacha mapema, lakini chumvi naijua. Mama aliitia kwenye maharage, kwenye jino linalouma, hata kwenye kidonda cha mbuzi. Kwake hakukuwa na kitu ambacho chumvi ingekiharibu, nami nikazeeka nikiamini hivyo hivyo. Nakuja huko, msinikimbize.

Miaka michache baada ya elfu mbili na kumi nilikuwa nimeshahamia Karambi. Mke wangu Biira aliteremka mtoni mara tatu kwa siku, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Ndipo akaja fundi wa kutafuta maji, kijana mpole mwenye kisanduku, nyaya na vigingi vya chuma. Kisima kilikuwa kimoja tu kwa kijiji kizima, na kingechimbwa pale mashine itakapochagua.

“Mzee, hii haichimbi,” alinieleza. “Inapitisha umeme ardhini, halafu inasikiliza. Mwamba mkavu unauzuia. Penye maji unapita kirahisi, namba inashuka.”

Siku ya kwanza alipima kwa jirani. Udongo ulikuwa mkavu, mashine ikagoma. Akamimina maji ya chumvi kidogo kwenye vigingi, ikaamka. Kumbe nayo inapenda chumvi! Zamu ya shamba langu la migomba ilikuwa kesho yake, na mstari wa kupigilia vigingi alikwisha kuuwekea alama. Jioni nikakoroga chumvi ya Katwe katika ndoo nne za maji, nikaumwagia mstari wote.

“Baba Masika, leo unapika udongo?” Biira akaniuliza.

“Nakutafutia maji, mama.”

Asubuhi namba zilishuka mpaka fundi akafuta kioo kwa shati. Majirani wakasogea. Akahamisha vigingi, akapima tena, akakuna kichwa.

“Mzee, pole. Hapa chini kuna maji, lakini ni ya chumvi. Hata mbuzi wako hatayanywa.”

Jirani mmoja akacheka: “Basi atapikia bila kununua chumvi!”

Biira alikuwa na jerikani mkononi. Hakumtazama fundi, alinitazama mimi. “Sema,” akanong’ona. Niseme nini mbele ya wale watu?

Leo pampu iko upande wa pili wa kijiji, na Biira bado anapanda kilima akirudi na maji. Siku hizi watoto wa shule wananieleza habari za umeme na udongo, nami nawauliza hadi wanachoka, maana bado natamani kujua kuna nini chini ya ile migomba yangu. Maji matamu? Jiwe tupu?

Siku ile fundi alikunja nyaya zake, akaniaga kwa mikono miwili, akashika njia ya kuteremkia Bwera. Nilimwita mara moja, tena si kwa nguvu. Hakugeuka, wala hakurudi tena.