Meno ya Difu na Neno la Mkuu

Nakumbuka siku niliyokaa juu ya difu, lile bonge la gia la nyuma linalozungusha matairi ya gari, katikati ya gereji, mbele za watu, nikakataa kuinuka. Mwanangu, wewe unayelala mgongoni mwangu bado hujui aibu ni kitu gani. Mimi naijua. Mpaka leo nikienda dukani nangoja wengine waishe ndipo niseme ninachotaka. Basi elewa kwamba mtu wa namna hiyo hakukaa pale kwa ujeuri.

Sina mvi, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini mzee wa mtu ni yule aliyemtangulia njiani, na kwako wewe ni mimi.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Fundi Salumu, Kibaha. Alinipokea wakati mafundi wengine walicheka kuona msichana akiomba kushika spana. Fadhila hiyo siisahau. Siku hiyo tulikuwa na gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili. Mwenyewe ni Kaka Elia, aliyelirithi kwa baba yake. Anaishi Kibuta na mama yake, wanalima. Gari lilikimbia vizuri kwenye tambarare, lakini likifika vilima vya Kisarawe linakata pumzi, klachi inanuka, na mama wa watu inabidi ashuke apande kilima kwa miguu.

Ugonjwa niliugundua mimi. Tulinyanyua nyuma yote kwa jeki, nikatia alama za chaki kwenye matairi na kwenye propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka giaboksi. Tukazungusha matairi yote mawili pamoja, mzunguko mmoja. Propela ilizunguka mara tatu na kidogo tu. Hiyo ni difu ya mbio. Ya vilima propela huzunguka zaidi ya mara nne, tairi linakwenda taratibu lakini lina nguvu. Mwenda pole hajikwai, na magari nayo ni hivyo hivyo.

Kwa wauza vyuma chakavu tukapata difu mbili za vilima, za gari la aina ile ile. Moja gia yake kubwa ilikuwa nzima, ndogo imemeguka jino. Ya pili ndogo nzima, kubwa imetafunwa. Fundi Salumu akafurahi.

"Mungu ni mwema. Chukua kizima hapa, chukua kizima pale, funga. Mtu aende kwake leo."

Nikahesabu meno, idadi ikawa sawa. Lakini gia hizo mbili husagwa pamoja kiwandani, kila moja ikazoea meno ya mwenzake, na zote mbili huchongwa namba ile ile ili zisitenganishwe. Nilipozipangusa oili nikaona namba mbili tofauti.

"Fundi, hizi si jozi," nikasema, macho chini.

"Meno umehesabu?"

"Nimehesabu, yako sawa. Ila hazijazoeana. Zitalia, halafu zitakatana."

"Zitalia! Kwani zimeachishwa ziwa?"

Chidi, kijana mwenzangu wa gereji, akadakia, "Jamani, Bubu leo kaongea! Tumtafutie maiki!" Wakacheka wote.

Fundi hakucheka tena. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Funga."

Nikazichukua zile gia mbili, nikakaa juu ya difu iliyokuwa chini, nikaziweka mapajani na kuzifunika kwa kanga.

"Inuka."

"Siinuki, fundi. Samahani."

"Inuka juu ya kazi yangu, au utoke kwenye gereji yangu."

Mwanangu, nilikuwa nakula kwa gereji ile, na hakuna nyingine ambayo ingenipokea. Nikazidi kuzishika gia chini ya kanga. Ndipo Kaka Elia akaingia na mama yake.

"Binti, mbona umekaa hapo? Unaumwa?" mama akauliza.

"Shikamoo, mama. Siumwi. Gia hizi si jozi. Zikifungwa mtaondoka hapa vizuri tu. Zitakatika mkiwa kilimani, gari lirudi kinyumenyume, na wewe umo ndani."

"Kadanganya huyu," Fundi akasema. "Mtoto wa juzi!"

Mama akamgeukia. "Fundi, mama yako ungempandisha?"

Fundi Salumu akaangalia jeki.

"Nirudishie difu yangu ya zamani," akasema Elia.

"Kilima nitapanda kwa miguu," akasema mama. "Nimekizoea."

Nilifukuzwa siku ile ile. Chidi ndiye aliyeniletea ndala zangu nje, na hakuwa anacheka.

Baadaye Elia alipata jozi nzima, yenye namba moja, akaja kunichukua. Niliifunga uani kwao Kibuta. Nikapaka rangi kwenye meno, nikazungusha, nikatazama yanapogusana, nikarekebisha, nikapaka tena, bila haraka. Kisha tukapanda kilima, mama akiwa kwenye kiti cha mbele. Hakushuka. Tulipofika juu akatazama pande zote, akasema, "Kumbe huku ni pazuri, mtu akifika hahemi."

Fundi Salumu hakuniita tena. Nikikutana naye Maili Moja nampa shikamoo yake, naye anaitikia marahaba huku anaangalia pembeni. La mkuu nililisikia vizuri sana, mwanangu, na guu langu hili hapa. Ndilo ninalokanyagia klachi.

Kwa hiyo nakuusia. Wakubwa waamkie, waheshimu, fadhila zao zikumbuke. Lakini mkubwa akikuambia ufunge kitu unachojua kitamuumiza mtu, usifunge. Hata akikutupia methali, usifunge. Wakikucheka waache wacheke, vicheko haviui mtu kilimani.

Mungu akupe mikono ya kazi na akujalie riziki isiyomwaga damu ya mtu. Akupe sauti kubwa kuliko yangu. Na akikupa ndogo kama hii ya mama yako, basi akupe pa kukaa, ukatae kuinuka. Amina.