Kamba Chini ya Ulimi wa Kapita

Mwanangu, nasikia huko Beni umeleta paka nyumbani na unalala naye kitanda kimoja. Mume wako amenilalamikia kwa simu. Nimecheka tu, maana hakuuliza tabia hiyo umeirithi kwa nani.

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa msichana, nikiishi Butembo kwa shangazi yangu, Tantine Kavira, aliyeuza maharagwe na makayabo, wale samaki wa chumvi. Depo yake, ghala la magunia, ililindwa na paka mweusi tuliyemwita Kapita, kwa sababu alizunguka magunia kama msimamizi wa kazi. Nilimpenda kupita kiasi.

Asubuhi hiyo Kapita alikataa kula. Alitapika povu, mate yakamchuruzika, akajikunyata pembeni. Nilipomfungua mdomo niliona kamba nyembamba imejizungusha chini ya ulimi na kuingia kooni. Ilikuwa kamba ya kufungia makayabo. Chumvi ndiyo iliyomponza: aliilamba kamba mpaka akaimeza. Nikavuta, naye akalia vibaya. Jirani akaja mbio na mawese na tonge la bugali, kama tunavyomfanyia mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Tantine akanishika mkono. "Acha, mama. Hauone tumbo yake inajikunja wakati unavuta? Ile kamba inashikilia ndani. Tumupeleke kwa veterineri."

Jirani alicheka mpaka mawese yakamwagika. Veterineri, daktari wa mifugo, alikuwa mtu wa ng'ombe na mbuzi kule machinjioni. Nani amewahi kumpelekea paka? Mimi pia niliona aibu.

"Lakini batu batatucheka, Tantine."

"Bacheke. Mimi nataka paka yangu ipone."

Tukapita katikati ya soko na Kapita ndani ya kikapu, na kweli walitucheka. Veterineri, bwana mmoja mpole aliyetumwa kutoka Kasai, hakucheka. Alimpapasa tumbo, akatazama chini ya ulimi, akatueleza kwamba kamba imenasa pale na utumbo umejikunja juu yake. Kuendelea kuvuta kungeupasua, na lile tonge lingezidi kuziba njia. Akamchoma sindano ya usingizi, akaikata kamba mdomoni, kisha akampasua tumbo kuitoa iliyobaki. Nilikaa nje nikilia. Kapita aliporudi kwenye magunia yake, mwembamba na tumbo limenyolewa, nililia tena kwa furaha.

Basi, mwanangu, paka wako akitapika, akikataa chakula na kudondosha mate, mtazame chini ya ulimi. Ukiona uzi, usiuvute wala usiukate mwenyewe, na usimlishe chochote cha kuusukuma. Hata usipoona kitu, mpeleke kwa veterineri siku hiyo hiyo, maana vingi hujificha tumboni. Nyuzi na sindano zako za kushonea zifungie ndani ya kopo.

Mungu akujalie roho ya Tantine, usiogope kuchekwa kwa ajili ya unayempenda. Ubarikiwe, wewe na kila kinachopumua chini ya paa lako.