Rimu nyeupe za Hajji, breki kubwa na donge la unga wa chapati

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii ni habari ya breki na rimu. Imenikuta mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Mwenye haraka aruke hadi chini, ila atakosa unga.

Mnijue kidogo kwanza. Niko Kasese, magharibi ya Uganda. Kazi yangu ni matairi: pancha, kubalansi, kunyoosha rimu. Jina langu ni Masika, na mtu wa kwetu akilisikia tu anajua mimi ni binti, tena mtoto wa kwanza. Wazazi walipofariki nilikuwa Senior Two, yaani kidato cha pili. Niliacha shule, nikachukua spana za baba, na wadogo zangu watatu wamekulia hapo hapo katikati ya matairi.

Kiswahili nilikipata kwa watoto wa wanajeshi wa kambini. Kukiandika nimejifunza humu jukwaani kwa kuwasoma nyinyi, kwa hiyo makosa tugawane.

Anayenifuata kuzaliwa ni Muhindo. Yeye ni dereva wa Hajji mmoja wa Bwera, kule karibu na mpaka wa Congo.

Hajji ni msafirishaji. Ana malori, ila gari la roho yake ni moja tu: la michezo, la buluu, milango miwili. Likipita, mtu anaacha kuhesabu chenji. Goti la Hajji lilichoshwa na klachi za malori, kwa hiyo yeye anakaa pembeni na Muhindo anaendesha.

Sasa siku moja walikuwa wanarudi kutoka Mbarara.

Anayeijua njia hiyo anaujua mteremko wa Kichwamba. Barabara inatoka juu kwenye mashamba ya chai na kushuka kona kwa kona hadi bondeni kwenye mbuga. Katikati ya mteremko pedali ya breki ikawa laini. Kona iliyofuata pedali ikaenda hadi chini. Moshi ukatoka kwenye magurudumu ya mbele. Muhindo alilishika gari kwa gia peke yake mpaka akaliingiza kwenye majani upande wa mlima.

Alifika kwangu, akakaa juu ya tairi, akanieleza yote. Nikampa chai. Aliiweka chini, akanionyesha kwa mguu jinsi pedali ilivyozama.

Wakuu, huyo kijana nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu. Kuanzia hapo gari lile halikuwa tena gari la Hajji kwangu.

Hajji hakutaka kuliuza. Aliagiza breki kubwa, za mbele, kutoka nje. Sanduku lilifunguliwa kwangu. Diski pana kama sinia ya pilau, imetobolewa matundu kwa mpangilio kama kazi ya mshona vitambaa. Kalipa, vile vibanio vinavyobana diski, ni nyekundu, pistoni sita kila moja, zinang'aa.

Breki nimezishika miaka yote. Siku hiyo nilinawa mikono kwanza.

Hapo ndipo tatizo la rimu linaingia. Rimu zake za zamani zilikuwa inchi kumi na saba. Tulijaribu, hazikupita hata juu ya kalipa. Ilibidi apate za kumi na nane.

Na hapa wengi tunadanganyika. Tunadhani namba kumi na nane inatosha. Haitoshi. Kalipa kubwa inachukua nafasi juu, na inachukua nafasi upande wa spoki, yaani ile mikono inayotoka katikati ya rimu. Rimu mbili zinaweza kuwa na inchi sawa, matundu ya nati sawa, offset sawa, yaani zinaingia ndani kiasi kile kile, halafu moja spoki zake zimebonyea ndani na nyingine zimebinuka nje. Moja itapita, nyingine itasugua.

Kwa hiyo watengenezaji wa breki hutoa mchoro wa kalipa kwa ukubwa wake halisi. Unauchapisha, unaubandika kwenye katoni, unaukata, unauingiza nyuma ya rimu. Ukigusa, tafuta rimu nyingine.

Mchoro ulikuja kwenye simu. Nilimtumia Muhindo, nikamwambia, "Chapisha huko Bwera, zunguka kwa wauza rimu, ikiingia vizuri chukua."

Hilo ni kosa langu la kwanza, na lilitosha. Hamtaliona sasa. Mimi pia sikuliona.

Muuzaji wa Bwera alikuwa na rimu nyeupe, spoki nyembamba. Hajji alizipenda papo hapo. Muhindo alinipigia simu nikamsikia muuzaji kwa nyuma, na Kiswahili chake cha Congo:

"Dada, iyi rimu iko bien kabisa. Carton inaingia, inabakisha nafasi. Hata mutoto anaona."

Nikasema sawa.

Ijumaa baada ya swala wakaja Kasese kufunga. Jumamosi walikuwa na safari ya Mbarara, na kurudi ni kupitia mteremko ule ule.

Tukafunga breki. Tukaweka rimu nyeupe upande wa kushoto, nikakaza nati kwa mkono, nikaizungusha. Ikazunguka kimya. Hajji akatabasamu kama bwana harusi.

Mimi nina tabia moja ambayo watu wananicheka nayo. Siamini nafasi ambayo sijaipima. Ndani ya gurudumu huwezi kuingiza rula, kwa hiyo ninatumia unga. Jirani yangu anakaanga chapati, na ninaomba kwake donge la unga uliokandwa. Nalibandika juu ya kalipa upande wa spoki, narudisha rimu, nazungusha, natoa rimu, napima unene uliobaki.

Jirani aliponiona nakuja akasema, "Fundi, leo tena unapikia gari?"

"Wageni wamekuja," nikamwambia.

Nikabandika. Nikafunga. Nikazungusha. Nikatoa.

Unga ulikuwa umelambwa. Umebaki ngozi tu, na wekundu wa kalipa ulikuwa unaonekana kupitia humo.

Nikapima kwa kijiti na rula. Milimita moja na nusu. Mimi sikubali chini ya tatu, maana rimu inanyumbulika kwenye kona, bearing ina mchezo wake, na kokoto la barabarani haliombi ruhusa.

"Lete ile katoni," nikamwambia Muhindo.

Niliiingiza kwenye rimu. Ikabakisha nafasi nzuri tu. Unga unasema hivi, katoni inasema vile. Nikaigeuza geuza. Pembeni ya mchoro kulikuwa na mstari mdogo umeandikwa milimita mia moja.

Nikaweka rula juu ya mstari.

Tisini na tano.

Wakuu, nilipima tena, ikawa ile ile. Mashine ya duka la fotokopi ilikuwa imeupunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi. Hakuna aliyeiamuru, ndivyo ilivyowekwa. Na mstari ule uliwekwa pale ili mtu kama mimi aupime kabla ya kukata. Mimi nilisema chapisha tu. Tulikuwa tumenunua rimu za kalipa ndogo ambayo haipo duniani.

Nikaeleza. Muhindo hakutaka kusikia. Alikuwa ameshamwahidi Hajji safari.

"Dada, gurudumu inazunguka. Unataka izunguke namna gani tena?"

"Inazunguka hapa kwenye jeki."

"Milimita moja na nusu ni nafasi. Nafasi ni nafasi."

Sikubishana. Magurudumu yote yalikuwa yameshatolewa, nikakusanya nati zote ishirini za lile gari nikaziweka kwenye mfuko wa ovaroli.

Hajji akasogea na fimbo yake. "Masika, nati iko wapi?"

"Iko kwangu, Hajji."

"Basi toa."

"Sitoi."

Muhindo akasema, mbele ya watu, "Wewe si mama yangu."

Nikamwambia, "Najua." Nati zikabaki mfukoni. Zilikuwa nzito, naukumbuka uzito wake mpaka leo.

Hajji alitutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza swali la mtu aliyeendesha malori miaka mingi: "Unaweza kunionyesha, si kuniambia?"

Nikasema naweza. Nikapaka chaki uso wote wa kalipa. Nikafunga magurudumu mwenyewe, nikaingia mbele na Muhindo. Tukaenda polepole hadi Muhokya, barabara tambarare, tukageuza na kurudi. Nilimwomba tu ayumbishe usukani kushoto na kulia mara chache, kama anakwepa mashimo. Hakuna mlio wowote tuliousikia.

Tukarudi, nikatoa rimu, nati zikarudi mfukoni.

Chaki ilikuwa imefutika mstari mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea. Na nyuma ya spoki nyeupe, kila spoki, kulikuwa na alama ndogo nyekundu. Zote mahali pamoja, kama mtu amezipaka lipstiki.

Hiyo ni tambarare, breki za baridi, mwendo wa mzee wa baiskeli.

Hajji alipitisha kidole kwenye alama hizo moja moja. Akasema, "Subhanallah," kwa sauti ya chini, akakaa kwenye benchi langu. Muhindo alienda kusimama nyuma ya gari. Nilimwacha.

Safari ya Jumamosi ikafutwa, na gari likabaki kwangu juu ya jeki.

Wiki iliyofuata nilienda Bwera mwenyewe. Mchoro nilikuwa nimeuchapisha upya, mia moja ni mia moja, na unga ulikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Muuzaji alikubali kuzichukua tena rimu nyeupe, na alipoona unga akacheka. "Dada, unakuja kununua rimu ao kufungua hoteli?"

"Nipe zote za kumi na nane, tutajua mbele."

Aina tatu za rimu zilikataa katoni. Ya nne ilikuwa chini ya magunia, ya kijivu, spoki nene zimebinuka nje kama bakuli, sura mbaya kweli. Katoni ikaingia na kucheza. Za aina hiyo zilikuwa nne, hazijapinda. Hajji alipoziona aliguna, "Hizi ni za trekta." Lakini alizibeba.

Kasese nikazijaribu kwa unga. Milimita nne na zaidi, pande zote mbili. Nikatoa nati mfukoni, nikakaza kwa mkono wangu.

Safari ya Mbarara nikasema na mimi naenda. Nilijikunja kiti cha nyuma ambacho si cha binadamu.

Kurudi, tukafika ukingo wa Kichwamba mchana. Sijui niwaeleze vipi. Mbele yako ardhi inaisha, bonde lote limelala chini, Ziwa George huku, Ziwa Edward kule, na mfereji wa Kazinga unamulika katikati kama bati jipya. Na sisi tunateremka kulifuata. Kona, breki. Kona, breki. Nilikuwa natazama mguu wa Muhindo. Pedali ilikuwa inasimama pale pale kila mara, juu, ngumu. Gari zito namna ile linatii kidole cha mguu. Mpaka chini haikulegea hata mara moja.

Tukasimama Katunguru kabla ya daraja. Nikachuchumaa kwenye gurudumu la kushoto. Joto lilinisukuma uso. Halafu nikasikia harufu ya chapati.

Kwenye kalipa, upande wa spoki, kulikuwa na kipande cha unga nilichosahau kukitoa. Kilikuwa kimeiva, kimegeuka kahawia. Juu yake, mzima, mistari yote inaonekana, alama ya kidole gumba changu.

Fikirini gurudumu lile limezunguka mara ngapi kutoka Kasese hadi Mbarara na kurudi mpaka pale Katunguru. Kila mzunguko spoki zote zimepita mbele ya kidole hicho. Hakuna hata moja iliyokigusa.

Muhindo alikitazama muda mrefu. Kisha akakibandua kwa bisibisi, akakifunga kwenye leso.

"Dada, hii siwezi kula."

Hajji akasema kutoka ndani ya gari, "Mimi ningekula."

Mpaka leo Muhindo akileta gari kwangu, jambo la kwanza analofanya ni kufungua nati zote na kuniwekea mkononi. Naziweka mfukoni, naanza kazi.

Nilichojifunza: mchoro ukiuchapisha, pima mstari wake kabla ya kukata katoni. Gurudumu kuzunguka kwenye jeki si ushahidi. Na ukiona nati ziko mfukoni mwako na roho haijakubali, zikae huko huko, hata anayezitaka awe ndugu yako.

Mafundi mliofunga breki kubwa, nyinyi mnaacha milimita ngapi? Na kuna anayepima kwa kitu kingine zaidi ya unga? Semeni, maana jirani yangu ameanza kulalamika.